Nyota Zizaliwazo Gizani: Mionzi ya Infraredi na Vishada Vilivyofichwa na Vumbi

Wakulima na mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki wamekijua Kilimia tangu zamani. Jina lenyewe latokana na kitendo cha kulima, kwa kuwa kuonekana na kutoweka kwa nyota hizo kulitumiwa kupimia majira ya mvua na ya kazi za shambani. Mtu mwenye macho mazuri huhesabu nyota sita au saba. Darubini huonyesha kwamba ziko zaidi ya 1,000, zote zikiwa pamoja katika umbali wa miaka 440 ya nuru hivi kutoka duniani. Mkusanyiko wa namna hiyo huitwa kishada cha nyota. Nyota zake zilizaliwa katika kipindi kimoja, kutokana na wingu moja, nazo zingali zinasafiri pamoja.

Kilimia kina umri wa miaka milioni 100 na zaidi. Jua lina umri wa miaka milioni 4,600. Kwa kipimo hicho Kilimia ni kijana. Hata hivyo, si mtoto mchanga. Ukungu mwepesi uonekanao pichani ukizizunguka nyota zake si mabaki ya wingu lililozizaa, bali ni wingu jingine ambalo kishada kinakutana nalo njiani. Wingu la uzazi lilikwisha kutawanyika zamani.

Hapo ndipo yanapozuka maswali mawili. Nyota huzaliwa mahali gani na katika hali gani? Na je, kila kishada kinachozaliwa hudumu hadi kufikia umri wa Kilimia? Kwa muda mrefu maswali hayo hayakuweza kujibiwa, kwa sababu nyota huzaliwa mahali ambapo nuru ya kawaida haiwezi kutoka. Makala haya yaeleza jinsi mionzi ya infraredi ilivyoufungua mlango huo, na jibu lililopatikana ndani.

MABAKA MEUSI ANGANI

Katika usiku usio na mwezi, mbali na taa za mji, ule mkanda mweupe wa galaksi yetu huonekana ukipita katika kundi la Nge. Ukitazamwa kwa makini, mkanda huo una mabaka meusi, kana kwamba umetobolewa. Mwanafalaki William Herschel, aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Uingereza, aliyaona mabaka ya namna hiyo katika pande za Nge karne ya 18, akadhani kuwa ni matundu ya kweli, yaani mahali pasipo na nyota.

Mwaka 1919 Mmarekani Edward Emerson Barnard, aliyekuwa amepiga picha nyingi za anga, alichapisha orodha ya mabaka 182. Kwa kadiri alivyozichunguza picha zake ndivyo alivyozidi kuamini kwamba mengi hayakuwa matundu, bali mawingu yanayoziba nyota zilizo nyuma yake. Uthibitisho ulikuja mwaka 1930, nao ulitokana na vishada vyenyewe. Robert Trumpler, aliyefanya kazi California, alikadiria umbali wa vishada kwa njia mbili: kwa mwangaza wa nyota zake na kwa ukubwa wa kishada kionekanavyo angani. Njia hizo hazikuafikiana. Vishada vya mbali vilikuwa hafifu kuliko ilivyostahili. Trumpler alihitimisha kwamba njiani pana kitu kinachopunguza nuru. Kitu hicho ni vumbi.

Vumbi la angani si kama vumbi la barabarani. Chembe zake ni za silika na za kaboni, na katika sehemu zenye baridi kali hufunikwa na utando wa barafu. Nyingi zina upana wa karibu sehemu ya kumi ya mikromita, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika wingu, vumbi ni kama sehemu moja tu kwa mia ya tungamo lote. Zinazobaki ni gesi, hasa hidrojeni. Lakini mawingu hayo ni mapana mno, hata sehemu hiyo moja yatosha kuzima nuru ya maelfu ya nyota.

Wala vumbi si pazia tu. Huzuia nuru ya nyota za jirani isiipashe joto gesi iliyo ndani. Kwa hiyo katika kiini cha wingu halijoto huweza kushuka hadi kelvini 10, yaani nyuzi 263 chini ya sifuri ya Selsiasi. Gesi yenye baridi kiasi hicho ina msukumo mdogo, na nguvu ya mvutano hupata nafasi ya kuikusanya mpaka iwe nyota. Basi kile kinachomficha mtoto ndicho kinachomlea.

JOTO LILILO NG'AMBO YA NYEKUNDU

Ufunguo wa kulifungua giza hilo ulipatikana na Herschel yule yule, bila yeye kujua kwamba ungefaa kwa mabaka ya Nge. Mwaka 1800 aliipitisha nuru ya jua katika prizimu, ikagawanyika katika rangi zake, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi ili aone ipi ina joto zaidi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yoyote, nacho kilipanda. Tena kilipanda kuliko vyote. Herschel alitambua kwamba Jua linatoa mionzi ambayo jicho haliioni. Hiyo ndiyo iitwayo leo mionzi ya infraredi.

Mwalimu atapenda kutahadharisha hapa. Matokeo hayo hayamaanishi kwamba Jua hutoa infraredi kwa nguvu kuliko nuru ionekanayo katika kila urefu wa wimbi. Prizimu hubana mawimbi marefu mahali pembamba, na hutanua yale mafupi. Ndiyo sababu kipimajoto cha nje kilipokea nishati nyingi zaidi.

Infraredi na nuru ni kitu kimoja kwa asili: zote ni mawimbi ya sumakuumeme, nazo husafiri kwa mwendo mmoja. Tofauti ni urefu wa wimbi. Jicho huona mawimbi ya kuanzia mikromita 0.4 hadi 0.7 hivi. Infraredi huanzia hapo na kuendelea hadi mamia ya mikromita.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na urefu wa wimbi ambalo kitu hicho hung'aa zaidi hutegemea halijoto yake. Kanuni yake ni nyepesi: gawanya 2,900 kwa halijoto katika kelvini, na jibu litakuwa katika mikromita. Uso wa Jua una kelvini 5,800. Jibu ni 0.5, nalo limo katika nuru tuionayo. Mwili wa mwanadamu una kelvini 310. Jibu ni kama 9.4. Kwa hiyo kila mtu aketiye katika chumba cha giza anang'aa, ila jicho halina uwezo wa kuuona mng'ao wake. Vumbi lenye kelvini 30 hung'aa karibu na mikromita 97.

KWA NINI INFRAREDI HUPENYA

Mtu aliyesimama kwenye gati ataona kwamba wimbi refu la bahari huipita nguzo ya gati kana kwamba nguzo haipo, ilhali viwimbi vidogo vinavyosukumwa na upepo huigonga na kutawanyika. Kinachoamua ni uwiano kati ya urefu wa wimbi na ukubwa wa kizuizi. Nuru ya samawati ina urefu wa wimbi usiozidi sana ukubwa wa chembe za vumbi la angani, basi hunaswa na kutawanywa kwa urahisi. Infraredi ya mikromita 2.2 ina wimbi kubwa kuliko chembe kwa mara nyingi, na sehemu kubwa yake hupita.

Tofauti hiyo yafaa ihesabiwe. Wanafalaki hupima mwangaza kwa madaraja: tofauti ya madaraja 5 ni sawa na mwangaza mara 100. Tuseme nyota imefichwa nyuma ya vumbi linalopunguza nuru yake ionekanayo kwa madaraja 20. Madaraja 20 ni 5 mara nne, basi nuru imepungua mara 100 × 100 × 100 × 100, yaani mara milioni 100. Nyota hiyo ni kama haipo. Lakini katika mikromita 2.2 vumbi hilo hilo hupunguza mwangaza kwa takriban sehemu ya kumi tu ya madaraja hayo, yaani madaraja 2, ambayo ni sawa na kupungua mara 6 hivi. Darubini ya wastani yenye kitambuzi kinachofaa itaiona bila taabu.

Infraredi ina faida ya pili. Nuru inayonaswa na vumbi haipotei. Hulipasha vumbi joto, nalo vumbi huitoa tena nishati hiyo kwa mawimbi marefu. Hivyo hata nyota iliyofunikwa kabisa hujulikana kwa joto la blanketi lake, kama vile moto wa mkaa uliofukiwa katika jivu unavyotambuliwa kwa kiganja kabla haujaonekana kwa jicho.

TAABU YA VYOMBO

Ikiwa infraredi ilijulikana tangu 1800, kwa nini vishada vilivyofichika havikuonekana mpaka nusu ya pili ya karne ya 20? Zipo sababu mbili.

Ya kwanza ni angahewa. Mvuke wa maji na gesi ya kaboni dioksaidi humeza sehemu kubwa ya infraredi kabla haijafika ardhini. Yanabaki madirisha machache tu, kama vile karibu na mikromita 1.25, 1.65, 2.2, 3.5, 5, 10 na 20. Ndiyo maana darubini za kazi hii hujengwa juu ya milima mirefu na mikavu. Kilele cha Mauna Kea katika visiwa vya Hawaii kina mita 4,200, na darubini mbili kubwa za infraredi zilianza kufanya kazi huko mwaka 1979.

Ya pili ni joto la vyombo vyenyewe. Darubini, kuba lake na hewa iliyo juu yake, vyote hung'aa katika mikromita 10. Kupima nyota katika hali hiyo ni kama kutafuta kibatari mchana wa jua kali kwa darubini ambayo nayo inawaka taa ndani. Dawa yake ni kukipoza kitambuzi. Mwaka 1961 Frank Low alitengeneza bolometa ya jemaniamu iliyopozwa kwa heli ya kimiminika hadi nyuzi chache juu ya sifuri halisi. Kifaa hicho kidogo kilileta mageuzi makubwa.

Katika miaka hiyo hiyo Gerry Neugebauer na Robert Leighton walitaka kuipima anga kwa mikromita 2.2, lakini hawakuwa na fedha za kununua kioo kikubwa. Walitumia elimu ya kidato: kimiminika kinachozunguka katika chombo hujipinda uso wake ukawa na umbo la parabola, ambalo ndilo umbo la kioo cha darubini. Wakazungusha gundi ya epoksi juu ya sahani ya alumini mpaka ikagandamana, wakapata kioo cha zaidi ya mita moja na nusu. Kwa darubini hiyo iliyowekwa Mlima Wilson, California, walitoa mwaka 1969 orodha ya vitu 5,612 ving'aavyo katika infraredi.

Vitambuzi vya wakati huo vilikuwa na doa moja tu la kupokea mionzi, basi ilibidi anga ipimwe nukta kwa nukta. Katikati ya miaka ya 1980 vilipatikana vitambuzi vyenye safu nyingi za madoa, na kwa mara ya kwanza infraredi ikapigwa picha kamili. Kazi ya usiku mzima ikawa ya dakika chache.

Njia nyingine ilikuwa kuondoka kabisa katika angahewa. Tarehe 25 Januari 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza zilirusha setilaiti ya IRAS, yenye kioo cha sentimita 57. Kwa muda wa miezi kumi, mpaka heli yake ilipokwisha mwezi Novemba, iliipima asilimia 96 ya anga katika mikromita 12, 25, 60 na 100. Baadaye zilifuata Spitzer, iliyofanya kazi kuanzia 2003 hadi 2020, Herschel kuanzia 2009 hadi 2013, na James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 ikiwa na kioo cha mita 6.5. Bara la Afrika nalo lina nafasi yake: huko Sutherland, Afrika Kusini, darubini ya mita 1.4 iliyojengwa na Wajapani kwa ushirikiano na wenyeji ilianza mwaka 2000 kupiga picha za anga ya kusini katika mikromita 1.25, 1.65 na 2.2 kwa pamoja.

NYUMA YA UPANGA WA JABARI

Kundi la Jabari, ambalo vitabu vya kimataifa huliita Orion, hupita karibu na utosi katika Afrika Mashariki, na jioni za Desemba hadi Machi huonekana vizuri. Kando ya zile nyota tatu za mkanda wake, kwa upande wa kusini, pana upanga. Na katikati ya upanga pana doa lenye ukungu. Hilo ni wingu la gesi ing'aayo, lililo umbali wa takriban miaka 1,350 ya nuru. Ndani yake zimo nyota nne angavu ziitwazo Trapezium. Nyota hizo zina joto kali mno, na kwa mionzi yao zimelipasua wingu upande unaoielekea dunia. Ndiyo maana zinaonekana.

Nyuma ya ufa huo wingu lingali zima na jeusi. Mwaka 1966 Eric Becklin, aliyekuwa mwanafunzi wa Neugebauer, alikuwa akiipima sehemu hiyo kwa mikromita 2.2 kutoka Mlima Wilson. Alikuta kitu king'aacho sana mahali ambapo picha za kawaida hazikuonyesha nyota yoyote. Rangi yake katika infraredi ililingana na halijoto ya kelvini 700 hivi, ambayo ni ndogo mno kwa nyota. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1967. Mwaka huo huo Douglas Kleinmann na Frank Low walitangaza kwamba kando ya kitu hicho pana eneo pana linalong'aa katika mikromita 22, lenye kelvini 70 hivi. Baadaye ilifahamika kwamba kitu cha Becklin na Neugebauer ni nyota changa, yenye tungamo kama mara kumi ya Jua, na zile kelvini 700 zilikuwa za vumbi lililoizunguka.

Kadiri vitambuzi vilivyoboreshwa, nyota moja ilifuatwa na nyingine. Kishada kinachozizunguka zile nyota nne kilidhihirika kuwa na nyota zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na umri wa miaka milioni 1 hadi 3 tu. Mwaka 1973 Gary Grasdalen, Karen Strom na Stephen Strom walichora ramani ya mikromita 2 ya wingu jeusi lililo mpakani mwa Nge, karibu na nyota ya Rho Ophiuchi. Mahali pale ambapo macho hayaoni ila weusi walikuta kishada kizima cha nyota changa. Katika pande zile zile ambako Herschel alidhani kuna matundu matupu, palikuwa pamejaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Elizabeth Lada alilichunguza wingu kubwa jingine la Jabari kwa kamera ya infraredi. Swali lilikuwa wazi: je, nyota huzaliwa zikiwa zimetapakaa kote katika wingu, moja moja, au huzaliwa kwa makundi? Jibu lilikuwa wazi pia. Sehemu kubwa ya nyota changa zilikuwa zimesongamana katika vishada vichache vilivyochukua sehemu ndogo tu ya wingu.

GUNIA LILILOPASUKA

Hesabu ya vishada ilipoendelea, likazuka fumbo. Mwaka 2003 Charles Lada na Elizabeth Lada walikusanya habari za vishada vilivyofichika vilivyo katika ujirani wa Jua, wakavilinganisha na vishada vionekanavyo kwa nuru ya kawaida. Ilionekana kwamba vishada vinavyozaliwa ndani ya vumbi ni vingi mno kuliko vinavyoonekana nje yake kwa umri mkubwa. Kwa makadirio yao, chini ya vishada 7 kati ya 100 hudumu vikiwa vimeshikamana mpaka kufikia umri wa Kilimia. Vilivyosalia vilikwenda wapi?

Mfano wa gunia wafaa hapa. Punje za mahindi katika gunia hukaa pamoja, lakini kinachozishika si punje zenyewe, ni gunia. Katika kishada kichanga gunia ni gesi. Nyota hutumia asilimia 10 hadi 30 tu ya tungamo la kiini cha wingu. Sehemu kubwa hubaki gesi, na mvutano wa gesi hiyo ndio unaozizuia nyota zisikimbie. Nyota kubwa zikishawaka, mionzi na pepo zake huisukuma gesi nje. Gunia hupasuka.

Mwanafunzi wa kidato cha juu aweza kulithibitisha jambo hili mwenyewe. Nyota inayozunguka katika umbali r kutoka kitovu cha tungamo M ina kasi ambayo mraba wake ni GM/r. Kasi ya kuponyoka mahali hapo ina mraba wa 2GM/r. Sasa tuseme nusu ya tungamo inaondoka ghafla. M inakuwa M/2, na mraba wa kasi ya kuponyoka unakuwa 2G(M/2)/r, yaani GM/r. Hiyo ndiyo kasi ambayo nyota tayari inayo. Bila kusukumwa na kitu chochote, nyota imekuwa huru. Na katika vishada halisi kinachoondoka si nusu, bali asilimia 70 hadi 90.

Gesi ikiondoka polepole, kishada huweza kutanuka bila kuvunjika chote, na kiini chake kikabaki. Kwa hiyo wachache huokoka, na Kilimia ni mmoja wao. Ijapokuwa wataalamu wangali wanajadiliana mahali pa kuweka mpaka kati ya kishada na mkusanyiko mwepesi wa nyota, na idadi hubadilika kwa kadiri mpaka huo unavyochorwa, jambo lenyewe halina ubishi: kishada tukionacho angani ni salio la vingi vilivyotoweka.

WAKATI WA KUUMBA SAYARI

Habari hii inamgusa mwanadamu. Nyota changa nyingi huzungukwa na sahani ya gesi na vumbi, na humo ndimo sayari hufanyika. Sahani hujulikana kwa infraredi: nyota yenye sahani hung'aa katika mikromita 3.5 kupita kiasi ambacho uso wake peke yake ungetoa, kwa sababu vumbi la karibu limepashwa joto. Kwa kuvipima vishada vya umri mbalimbali, wanafalaki waliweza kusoma maisha ya sahani hizo kama mtu asomaye rika za watoto shuleni. Katika kishada cha Trapezium, nyota kama nane kati ya kumi zina sahani. Katika vishada vya umri wa miaka milioni 3 hivi, nusu zimekwisha kuzipoteza. Kufikia miaka milioni 6, karibu zote hazina. Hii ndiyo taarifa iliyotolewa mwaka 2001 na Karl Haisch pamoja na Charles na Elizabeth Lada, na maana yake ni nzito: sayari kubwa za gesi kama Mshtarii hazina budi kufanyika katika miaka milioni chache, la sivyo gesi huwa imekwisha.

Jua nalo leo liko peke yake. Lakini vimondo vya kale sana vina alama za alumini-26, kiini ambacho nusu yake hugeuka kuwa magnesi katika miaka 700,000 hivi. Alama hizo zilitambuliwa mwaka 1976 katika kimondo cha Allende, kilichoanguka Meksiko mwaka 1969. Kitu chenye maisha mafupi hivyo hakina budi kuwa kilitengenezwa muda mfupi kabla ya kufanyika kwa vimondo hivyo, na wataalamu wengi hukichukulia kuwa dalili kwamba Jua lilizaliwa karibu na nyota kubwa, katika kishada. Ikiwa ndivyo, Jua ni punje mojawapo ya gunia lililopasuka, na ndugu zake wametawanyika katika galaksi yote.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: prizimu ya kioo, vipimajoto vinne, sanduku la karatasi ngumu na masizi ya taa. Paka masizi kwenye tumbo la kila kipimajoto, uviache kivulini mpaka visomeke sawa. Funga prizimu kwenye ukingo wa sanduku ili rangi za nuru ya jua ziangukie ndani, kwenye kivuli. Weka kipimajoto kimoja katika samawati, cha pili katika manjano, cha tatu katika nyekundu, na cha nne nje kidogo ya nyekundu. Soma kila baada ya dakika moja kwa dakika tano. Wanafunzi wakatazwe kabisa kulitazama Jua, kwa macho matupu au kupitia prizimu.

Palipo na rimoti ya televisheni na simu yenye kamera, mwalimu aweza kuongeza jaribio la pili. Ielekeze rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Jicho halioni kitu, lakini kamera nyingi huonyesha nukta inayometa, kwa kuwa taa ya rimoti hutoa infraredi ya karibu mikromita 0.94.

MASWALI

1. Sahani ya vumbi ina halijoto ya kelvini 1,000 karibu na nyota na kelvini 100 upande wa nje. Kila sehemu hung'aa zaidi katika mikromita ngapi? Ni ipi kati ya hizo inayoweza kupimwa kutoka ardhini kwa urahisi zaidi, na kwa nini?

2. Vumbi linapunguza nuru ionekanayo ya nyota kwa madaraja 30. Nuru hiyo imepungua mara ngapi? Infraredi ya mikromita 2.2 itapungua kwa madaraja mangapi?

3. Robo moja ya tungamo la kishada inaondoka ghafla kwa njia ya gesi. Kwa kutumia kasi ya kuzunguka na kasi ya kuponyoka, onyesha kama nyota iliyokuwa ikizunguka kwa duara itaponyoka au itabaki.

4. Mtu amesema: "Pasipoonekana nyota hapana nyota." Kwa kutumia mfano wa wingu la Rho Ophiuchi, eleza kosa la kauli hiyo, kisha utaje kipimo ambacho kingeweza kulionyesha.